Gari Lisilo na Paa

Mwaka ule Theodory Sulle alikuwa na kikombe chake, sahani yake, kigoda chake, na mtu mmoja tu wa kuongea naye, tena Mdatoga, mtu wa kabila lingine. Si kwamba alikuwa amegombana na watu. Mke wake, Bernadina, alikufa akiwa na mimba ya miezi tisa, mtoto akafa naye tumboni, na kwa Wairaqw wa Mbulu kifo cha namna hiyo kinamwachia mume hali inayoitwa metimani. Mwenye metimani haingii nyumba ya mtu. Hali chakula cha mtu, haombi moto kwa jirani, hanywi kikombe kimoja na mwingine, na mwanamke mjamzito akimwona kwa mbali anabadilisha njia. Hivyo hivyo mpaka mwaka uishe na wazee waseme imetosha. Padri alikuwa amesema mara nyingi kanisani kwamba hayo ni mambo ya kale, Mkristo hayafuati. Watu walimwitikia amina, wakatoka nje, wakaendelea nayo.

Kama angekuwa kwao Tlawi, juu milimani, Theodory angekaa nyumbani akalima shamba lake peke yake na mwaka ungepita. Lakini alikuwa fundi wa magari kwenye shamba la ngano la serikali, huko chini uwandani Hanang, upande wa Gehandu, na serikali haina likizo ya metimani. Nusu ya mafundi wa karakana walikuwa Wairaqw kama yeye. Wakamwendea Gervasi, msimamizi wao, mtu wa Moshi, wakamweleza. Gervasi alicheka kwanza. Alipoona hakuna mwingine anayecheka, akampa Theodory kibanda cha nyuma, kule kunakotupwa vyuma chakavu, akawa anampelekea huko pampu na jenereta za kutengeneza.

Tatizo likabaki spana. Karakana nzima ilikuwa na spana moja ya namba kumi na tisa, na haikuwezekana fundi mmoja akae nayo. Wakabishana siku nzima, watu wazima na ndevu zao, kama chuma kinabeba metimani au hakibebi. Mwishowe wakakata shauri kwamba spana iliyooshwa kwa dizeli ni safi. Basi Theodory akimaliza kazi anaiosha, anaiweka juu ya jiwe, anarudi nyuma hatua kumi, na mwenzake anakuja kuichukua. Huyo mwenzake mara nyingi alikuwa Patriki Qamara, ambaye zamani walikuwa wakila sahani moja na kuazimana mashati. Patriki aliinama, akaokota spana, akaondoka bila kuinua macho. Theodory hakumlaumu. Kusema kweli hata hakumfikiria. Mwaka ule hakuwa na hasira wala huzuni. Alikuwa kama mguu uliolaliwa vibaya: unajua ni wako, lakini ukiuminya hausikii kitu.

Jioni, saa za kazi zikiisha, alishika gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa na historia. Mwanzo lilikuwa pikapu ya Kimarekani yenye injini ya silinda nane, mali ya mtaalamu mmoja wa Kikanada. Likapinduka korongoni, mtaalamu akatoka mzima, gari likaandikwa kwamba limekufa. Theodory akaliomba. Akakata bodi yote iliyopondeka, akatupa paa, milango, boneti na vioo, akabakiza injini, chesisi, kiti kimoja kirefu cha mbele na sanduku la mizigo nyuma. Akalifungia kabureta kubwa iliyotoka kwenye lori la zamani, akakata ekzosi fupi na kuzielekeza pembeni, zikawa zinanguruma hata Balangdalalu wanasikia, au ndivyo walivyotia chumvi watu wa Gehandu. Wakaliita Mifupa. Jumapili baada ya misa, kwenye zile barabara za shamba zilizonyooka katikati ya ngano, Mifupa ilishindana na Landrova za wakubwa na kuziacha zote kwenye vumbi. Bernadina alikaa pembeni ya mume wake, kitambaa kimefungwa kichwani kwa mafundo mawili, akipiga kelele, "Ongeza! Ongeza, Theo!" Mwanamke aliyeogopa jogoo wa jirani, lakini Mifupa hakuiogopa.

Mbio Theodory alizijua. Joto hakulijali. Gari lile lilikuwa la gia za kujibadilisha zenyewe, halina klachi, na giaboksi ya namna hiyo ikipandishwa mlima mrefu hupata joto baya. Mafuta yake yalipozwa na kijibomba kilichopita ndani ya rejeta, chini, mle mle kwenye maji ya injini. Sasa maji yenyewe yakichemka, giaboksi itapozwa na nini? Hata petroli ilikuwa inapita kwenye bomba lililobanwa karibu na ekzosi, na petroli ikipata moto inachemka njiani, inafika kwenye kabureta ikiwa mvuke, na injini inazima. Yote hayo Theodory aliyajua. Alikuwa ameshaisikia harufu ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua, wiki nyingi kabla. Lakini uwandani upepo ni mwingi na barabara ni tambarare, na kulikuwa na Landrova za kushinda.

Uchungu ulimshika Bernadina mwezi wa pili, wakati wa jua kali. Muuguzi wa zahanati akasema mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali, na hospitali ipo juu, baada ya mlima. Theodory akasema, "Mifupa itafika kabla wengine hawajapata gari." Mlima ule una kona nyingi, na kwenye kona ya tatu, pale penye ukuta wa mwamba upande wa kushoto, injini ilizima. Akaiwasha, ikazima. Akaiwasha tena, ikavuta kidogo, halafu giaboksi ikatapika mafuta yake yote barabarani. Wakakaa pale kwa saa tatu. Mwanzoni Bernadina alikuwa analia na kumshika mkono. Halafu akanyamaza. Lori la mahindi lilipotokea kutoka chini, dereva aliangalia tu akavua kofia.

Ndiyo sababu tangu siku ile alikuwa na Mifupa kila jioni. Hakuna aliyemwona akilia, hata kwenye mazishi. Wiki ya kwanza baada ya kurudi kazini, siku za mapumziko, aliingia kwenye vyuma chakavu, kwenye kombaini moja, mashine ya kuvunia ngano, iliyoungua miaka mitatu nyuma, na kufungua kile kipoza mafuta chake: kitu kama rejeta ndogo, pana, kizima kabisa chini ya masizi. Akakifunga mbele ya rejeta ya Mifupa, mahali upepo unapoingia kwanza, akaunganisha mipira miwili ya kupitisha mafuta kutoka giaboksi, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Akang'oa na kipimo cha joto cha kombaini hiyo hiyo, akakifunga mbele ya usukani ili aone giaboksi inasemaje. Bomba la petroli akalihamisha kutoka kwenye ekzosi, akalipitisha upande wa nje wa chesisi, akalivisha vipande vya turubai. Halafu akaongeza bomba la pili la shaba, jembamba, la kurudisha kwenye tangi petroli ambayo injini haijaihitaji, ili isikae mahali pamoja ikachemka. Izunguke tu muda wote.

Baada ya hapo akafungua kila kitu akafunga upya. Akabadilisha klipu. Akanyoosha bomba lililokwisha nyooka. Akayeyusha risasi na kuziba mahali palipokwisha zibwa. Watu waliopita mbali walimwona ameinama pale pale, wakasema Theodory anatengeneza gari mwaka mzima, na yeye kama angeulizwa angesema hivyo hivyo.

Aliyekuwa akimtembelea alikuwa Gidabuday, mzee wa Kidatoga ambaye ng'ombe zake zilikuwa zinapita pembeni ya shamba kwenda kunywa maji. Metimani ya Wairaqw haikumhusu. Alikuwa anafika na ngozi yake ya ng'ombe begani, anaitandika chini ya kivuli cha kibanda, anakaa, anaangalia. Zamani uwanda wote ule ulikuwa malisho ya watu wake, na makaburi ya wazee wake yalikuwa mle ndani, vichuguu vya udongo vilivyojengwa kwa heshima kubwa. Sasa vilikuwa vimelimwa, na ngano imeota juu. Gidabuday hakusema habari hizo mara nyingi. Theodory naye hakusema za kwake. Wakakaa hivyo, wawili waliokwisha maliza maneno, na lile likawa ndilo zungumzo lao.

"Gari yako iko na homa bado?" Gidabuday aliuliza siku moja.

"Nafikiri imepona, mzee."

"Umepeleka mlimani?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Theodory akaendelea kukaza nati. Alikuwa ameijaribu Mifupa kwenye kila barabara ya shamba, mchana wa jua kali, na sanduku limejaa magunia ya mchanga. Mlimani hakuwa ameipeleka. Hakujiuliza kwa nini. Mwaka ule hakujiuliza mambo mengi.

Ulikuwa umebaki mwezi mmoja mwaka utimie wakati uchungu ulipomshika Efrazia, mke wa Patriki.

Theodory alijua kwa jinsi watu walivyokuwa wanatembea. Saa nne asubuhi aliwaona wanakwenda zahanati haraka, halafu wanarudi haraka zaidi. Gidabuday akaja kumwambia yote, maana yeye alipita popote. Mtoto amekaa vibaya. Muuguzi amesema hospitali. Landrova moja iko Arusha, nyingine iko juu ya mawe inasubiri matairi, lori halina dizeli, na dizeli ya shamba imekwisha tangu wiki iliyopita. Gervasi amesema labda trekta ya jirani, lakini trekta kwa mlima ule ni mpaka jua lizame. Petroli ya Mifupa ilikuwepo. Theodory alikuwa na debe zima la lita ishirini, alilolikusanya kidogo kidogo.

Kutoka kwenye kibanda aliwaona wamesimama mbele ya karakana, hatua kama hamsini: Patriki, mafundi, Gervasi, na mama mzazi wa Patriki, Mama Letisia, aliyeshuka kutoka Tlawi kuja kumpokea mjukuu. Mara moja moja mmoja aligeuza shingo kuangalia Mifupa, akairudisha. Hakuna aliyekuja. Wote walijua gari lipo na linatembea, na wote walijua mwenyewe ana kitu gani. Kumweka mzazi mikononi mwa mtu aliyefiwa na mke na mtoto tumboni ilikuwa kwao sawa na kumwita marehemu aje apande naye.

Theodory naye hakwenda. Hakuwa mkaidi. Na yeye ni Mwiraqw, naye aliamini, angalau nusu, kwamba akimkaribia Efrazia kile kilichompata Bernadina kitajua njia. Alikaa pale akikaza klipu ya mpira iliyokuwa imekazwa tayari. Kutoka nyumba ya tatu ya wafanyakazi alisikia sauti ya mwanamke, ikipanda na kushuka.

"Sulle," Gidabuday alisema. "Gari inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Sasa mbona mnasimama tu, nyinyi huko na wewe hapa?"

"Ni mila, mzee. Huwezi kuelewa."

"Mila mimi sielewi?" Gidabuday alisimama, akakung'uta ngozi yake. "Baba yangu iko chini ya ngano ile pale. Trekta inapita juu ya kichwa yake kila mwaka. Mimi najua mila ikivunjwa inauma wapi. Lakini ile mama bado iko juu ya ardhi, Sulle. Haijaenda chini."

Akaondoka bila kuaga. Theodory akamwona anavuka uwanja na fimbo yake, anawapita wanaume wote bila salamu, anasimama mbele ya Mama Letisia. Waliongea kidogo. Halafu Mama Letisia akaanza kuja peke yake, polepole, amejifunga shuka kiunoni. Alipofika hatua ishirini akasimama.

"Shikamoo, mama," Theodory alisema. Ilikuwa ni mazoea tu. Tangu mwaka uanze hakuna mtu mzima wa kwao aliyemwitikia.

"Marahaba, Theodory."

Alimjua tangu anachunga mbuzi kule Tlawi. Akaangalia gari, akalizunguka kwa macho kuanzia mbele mpaka nyuma, jinsi mtu anavyokagua ng'ombe wa mahari.

"Hilo gari lina paa?"

"Halina, mama."

"Mlango?"

"Niliikata yote."

"Dirisha?"

"Halina hata moja."

"Basi si nyumba," Mama Letisia alisema, kama anayejisemea. "Tulikatazwa nyumba. Gari hatukukatazwa." Akafikiri. "Na moto? Nasikia gari linakula moto."

Theodory angeweza kusema uongo. Mama yule hakujua injini wala nini. "Moto upo, mama. Uko mbele, ndani ya injini."

"Ni moto wa nani?"

"Ni wangu."

"Na wanaokaa nyuma wanauota?"

"Hapana. Joto lote nimelihamishia mbele. Hata mabomba nimeyatoa pale kati nikayapeleka pembeni."

"Basi moto ubaki kwako." Mama Letisia akavuta pumzi. Kutoka nyumba ya tatu ile sauti ilipanda tena, naye akalikaza fundo la shuka kiunoni, ndipo Theodory akaelewa kwamba alikuwa anaogopa sana, na kwamba maswali yote yale yalikuwa ni ukuta anaoujenga haraka haraka ili apate mahali pa kutoboa mlango. "Wewe utakaa mbele peke yako. Sisi nyuma. Katikati tutaweka kizuizi. Hutageuka kuangalia na hutasema na sisi, na sisi hatutasema na wewe, hata iweje. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Litafika?"

Hilo halikuwa swali la mila. Theodory aliangalia kipimo cha kombaini kilichofungwa kwa waya mbele ya usukani, sindano yake imelala. "Sijui," alisema. "Mlima sijaujaribu."

Mama Letisia akageuka na kuwapungia mkono wanaume wale.

Kizuizi kilikuwa ngozi ya Gidabuday. Mzee mwenyewe aliifunga kwa waya nyuma ya kiti, kwenye nguzo mbili zilizobaki za bodi ya zamani. Theodory akatazama mbele wakati wanampandisha Efrazia, akasikia chesisi inalala kidogo kwa uzito, akasikia godoro la majani, na Patriki akisema, "Polepole, polepole." Halafu mkono ukapiga bati la sanduku mara mbili. Akaondoka.

Zile barabara za ngano alizipita kwa mwendo ambao Bernadina angeulalamikia. Hakutaka kurusha watu. Mlima Hanang ulikuwa upande wa kulia halafu ukawa nyuma. Jua lilikuwa utosini. Nyuma ya ngozi Efrazia alilia, akanyamaza, akalia, na kila mara Mama Letisia alimjibu kwa Kiiraqw, maneno mafupi mafupi. Theodory hakuyasikiliza. Alisikiliza injini, na macho yake yalikuwa kwenye sindano. Robo. Robo na kidogo.

Mlima ulipoanza akahisi giaboksi inashuka gia yenyewe, na injini ikanguruma. Kona ya kwanza ilikuwa fupi. Sindano ikapanda ikafika nusu. Kona ya pili ni ndefu, ina mawe yaliyolegea, na pale gurudumu la nyuma lilizunguka bure kidogo kabla ya kushika. Sindano ikapita nusu. Akalamba midomo. Vumbi lilikuwa na ladha ile ile.

Kabla ya kona ya tatu Efrazia alinyamaza.

Theodory alisubiri alie tena. Hakulia. Alisubiri Mama Letisia aseme neno. Hakusema, au kama alisema injini ilimeza. Patriki naye kimya. Nyuma ya ile ngozi hapakuwa na sauti hata moja ya mtu, na huu ukimya Theodory aliujua, alikuwa ameshakaa nao kwa saa tatu mahali hapa hapa. Shingo yake ilitaka kugeuka. Alikuwa ameahidi. Na akigeuka, angeona nini? Akashika usukani kwa mikono miwili.

Ukuta wa mwamba ukatokea kushoto. Chini yake, barabarani, lile doa jeusi la mafuta ya giaboksi lilikuwa bado lipo, mvua za mwaka mzima hazikulitoa. Gurudumu la kushoto likalikanyaga. Sindano ilikuwa imesimama hapo hapo, juu kidogo ya nusu, haipandi. Injini haikukohoa. Petroli ilikuwa inakwenda na kurudi kwenye lile bomba jembamba la shaba kama ilivyotakiwa, na upepo ulikuwa unaingia kwenye kile kipoza mafuta kama ulivyotakiwa, na Mifupa ikapita kona ya tatu kama vile haikuwa kona. Theodory aliliona doa, akaliona linapita. Alishangaa kidogo kwamba hakusikia chochote. Ilikuwa kama kupita mbele ya nyumba ya mtu asiyemjua.

Kona ya nne. Ya tano. Huko juu baridi ya milimani ikampiga usoni na sindano ikaanza kushuka yenyewe.

Hospitali walimpokea Efrazia kwa machela. Theodory alitazama mbele mpaka sauti za miguu zikaisha, kisha akasogeza gari mbali, chini ya mikaratusi karibu na uzio, akazima injini. Hapo angemuuliza nani? Watu waliokuja naye ndio waliokatazwa kumwambia. Akashuka, akapiga goti, akaweka kiganja juu ya mpira unaorudi giaboksi. Ulikuwa wa vuguvugu tu. Mtu angeweza kuushika muda wowote anaotaka, na yeye aliushika kwa muda mrefu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Halafu akakaa chini akaegemea gurudumu.

Jua lilikuwa limeinama upande wa Tlawi wakati Patriki alipotoka. Nyuma yake, mbali kidogo, Mama Letisia alitoka naye akasimama kwenye ngazi. Patriki alikuwa ameshika kikombe cha bati cha hospitali, kinafuka moshi. Alipofika zile hatua kumi walizozizoea, Theodory akangoja aweke kikombe chini.

Patriki hakukiweka. Alizimaliza zile hatua kumi, akakaa chini kwenye majani makavu, bega kwa bega na Theodory, kama zamani.

"Ni wa kike," alisema. "Walimpasua. Efrazia yuko salama, amelala. Daktari anasema tungechelewa saa moja tu..." Akanywa chai mafunda mawili, akafuta ukingo wa kikombe kwa kidole gumba, akampa Theodory.

Theodory alikiangalia kikombe. Akaangalia kwenye ngazi. Mama Letisia alikuwa amewaona vizuri sana. Akageuza uso wake taratibu, akaanza kuitazama milima kwa makini, kama mtu aliyetumwa kuihesabu.

Theodory akakipokea. Akanywa. Chai ilikuwa na maziwa na sukari nyingi, na alijua ni tamu jinsi mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne.

"Theo," Patriki alisema, anaangalia Mifupa, ile mipira, lile bomba la shaba linalong'aa, kile kipoza mafuta cha kombaini. Alikuwa fundi, macho yake yalifuata kazi yenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. "Halijachemka hata kidogo. Mlima wote ule. Kumbe ndiyo kazi uliyokuwa unaifanya mwaka mzima." Akatikisa kichwa. "Ilikuchukua muda gani hasa, kulitengeneza likawa hivi?"

Theodory akafungua mdomo kusema mwaka. Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo. Lakini aliyeuliza alikuwa fundi, na fundi akimuuliza fundi mwenzake muda wa kazi hajibiwi ovyo, kwa hiyo akahesabu. Kipoza mafuta na mipira yake miwili: siku moja, tena jioni aliwahi kula. Kuhamisha bomba la petroli na kufunga la kurudishia: siku ya pili, mpaka saa tisa. Yaliyofuata yote yalikuwa kufungua na kufunga. Na ile kombaini ilikuwa pale kwenye vyuma chakavu miaka mitatu, hatua kumi kutoka kibandani, majani yanaota juu yake, wakati yeye anakata ekzosi ili zingurume, wakati anashinda Landrova, wakati Bernadina amekaa pembeni yake na tumbo lake akipiga kelele aongeze.

"Siku mbili," alisema.

Patriki akageuka kumtazama.

"Siku mbili, Patriki. Ilikuwa kazi ya siku mbili."

Alilisikia neno hilo kwa sauti yake mwenyewe, na kikombe kikainama mkononi bila yeye kujua. Chai ikamwagikia mapajani. Ilikuwa ya moto, ikamuunguza, na akalia.